Ukiuziwa Pikapu Mpya Yenye Kava Usilolitaka

Muuzaji wa magari mapya mara nyingi hakuulizi kwanza kama unataka kava. Unaikuta pikapu imeoshwa na kung'arishwa, nyuma imefungwa kava au kanopi, na bei imeandikwa kwa jumla, vyote pamoja. Mkazi wa mjini anayebeba mabegi na katoni huenda asione shida. Lakini kama pikapu hiyo inakwenda kufanya kazi Mvumi, iwe Mvumi Mission, Mvumi Makulu au vijiji vingine vya upande huo wa Wilaya ya Chamwino, kava hilo linaweza kukupunguzia nusu ya mzigo uliokusudia kubeba, nawe umelilipia kwa fedha yako mwenyewe.

Shika jambo moja mapema. Nguvu yako ya kulikataa unayo kabla ya kulipa na kabla ya kutia saini ya kupokea gari. Baada ya hapo unabaki kuomba hisani. Kwa hiyo hesabu zako zifanye ukiwa bado nyumbani.

Mzigo wako una kimo gani?

Pikapu ya milango minne, iwe Hilux, D-Max, Ranger au L200, ina bodi lenye urefu wa mita moja na nusu hivi na upana unaokaribia huo. Kuta zake zina kimo cha nusu mita au pungufu kidogo. Gunia la kilo 100 la mahindi au mtama likilazwa hula karibu kimo chote hicho. Sakafuni yanaenea magunia manne, ukibana sana matano, na hapo kava linafungika kwa taabu. Bila kava unapanga safu ya pili, unakaza kamba na kuondoka na magunia manane. Hizo ni kilo 800, uzito ambao magari mengi ya aina hiyo yanaumudu, ingawa ni lazima usome kibao cha gari lako mwenyewe kwa kuwa matoleo yanatofautiana. Pikapu ya milango miwili ina bodi refu zaidi, lakini kimo cha kuta ni kilekile, kwa hiyo kava linakata safu ya pili vilevile.

Zidisha hasara hiyo kwa msimu mzima. Anayepeleka magunia 40 ya alizeti au karanga mjini alikuwa na safari tano; sasa ana kumi, au angalau nane. Mafuta, tairi na siku za dereva vinaongezeka, na hakuna gunia hata moja lililoongezeka thamani.

Vitu vingine havibishaniwi kabisa. Tangi la maji la lita 1,000 lina kimo cha zaidi ya mita moja. Bati la mita tatu halilali ndani ya bodi la mita moja na nusu. Hupita juu ya mlango wa nyuma ulioteremshwa, likafungwa kwa kamba na kitambaa chekundu mwishoni. Mbuzi wa kupeleka mnadani Msalato husimama, na mnyama aliyesimama anahitaji kizimba cha vyuma na hewa. Pampu, mabomba ya umwagiliaji, nguzo za shamba la mizabibu, milango ya mbao, jeneza: pitia kimoja kimoja ulivyobeba mwaka jana au ulivyokodi gari la mtu kukubebea, ujiulize ni vingapi vingeingia chini ya mfuniko.

Halafu kuna majani. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, kuokoa ardhi iliyokuwa ikimezwa na makorongo, na katika miaka ya 1980 mifugo iliondolewa Mvumi ili uoto urudi. Kilichofuata ni kuhimiza ng'ombe wachache wa maziwa wanaofugwa zizini, malisho yakiletwa kwao. Anayefuga hivyo anajua kwamba majani na mabua ni mzigo mwepesi kwa kilo na mkubwa kwa kimo. Unayarundika mpaka juu ya kichwa cha gari. Mfugaji wa zizini akinunua pikapu yenye mfuniko mgumu, amenunua nusu ya pikapu.

Zabibu nazo zina sababu yake. Kreti hupangwa moja juu ya nyingine, na hiyo peke yake inatosha kulishinda kava. Lakini hata zikienea, mfuniko mweusi chini ya jua la mchana la Dodoma unageuza bodi kuwa chumba cha joto kali. Zabibu zilizoiva zinaanza kupasuka na kuvuja, maji yake yanachacha, na zikifika kiwandani bei inazungumzwa upya. Zinachotaka ni kivuli kinachopitisha hewa: wavu wa kivuli au turubai jepesi lililoinuliwa kidogo, na safari ya asubuhi na mapema.

Wapo wanaofaidika na kava, nami singewashauri walivue. Fundi wa sola anayelala na vifaa vyake njiani, mwenye duka anayetoka Dodoma mjini na katoni za sabuni na simu, taasisi inayobeba nyaraka au vifaa vya hospitali: hao mzigo wao ni mfupi, una thamani, na unaibika. Ila dawa ziwe ndani pamoja na dereva. Paketi nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi joto 30, na chini ya kava kipimo hicho kinaweza kupitwa mapema tu asubuhi.

Maneno ya muuzaji kuhusu vumbi, mafuta na wizi

Utaambiwa kava linazuia vumbi. Kwa njia za vumbi kuelekea Mvumi wakati wa kiangazi, hoja hiyo ina mvuto mkubwa, kwa hiyo elewa kinachotokea. Gari linapokwenda, nyuma yake hewa inapungua nguvu, na hewa iliyo karibu inavutwa kujaza pengo. Hewa hiyo ndiyo imebeba vumbi lililotimuliwa na magurudumu. Inapanda, inapita kwenye nyufa za mlango wa nyuma na kuingia ndani ya bodi. Kava zuri linapunguza, halizuii. Kanopi iliyofungwa vibaya inaweza hata kulikusanya vumbi na kukosa pa kulitolea, ilhali kwenye bodi la wazi upepo hulipeperusha. Wanaohitaji kweli bodi lisilo na vumbi huziba nyufa za mlango wa nyuma kwa mipira maalumu, na kwenye kanopi huweka tundu la hewa mbele juu ya paa ili hewa safi iingie na kuusukuma ule mvuto wa nyuma. Muulize muuzaji kama yake ina vitu hivyo. Kama haina, hoja ya vumbi imepungua thamani.

Mvuto huohuo ndio unaoingiza moshi wa ekzosi. Hili nalisema kwa uzito wote: usimweke mtoto, mgonjwa wala mnyama ndani ya kanopi iliyofungwa, na hasa ile ambayo kioo cha nyuma kimeachwa wazi kwa kudhani kinaleta hewa. Gesi ya sumu iliyomo katika moshi huo haina harufu ya kukuonya, na mtu anasinzia kabla hajajua. Pikapu ina viti vya abiria mbele. Bodi ni la mzigo, na sheria ya barabarani inasimama upande huo.

Kuhusu mafuta, kava linaweza kupunguza upinzani wa hewa ukiwa kwenye lami kwa mwendo mkubwa. Kwenye barabara ya changarawe na mchanga, gia ya pili na ya tatu, usitegemee kuona tofauti. Kuhusu wizi, mfuniko mgumu wenye kitasa ni kinga ya kweli. Kava la turubai linaficha mzigo machoni, lakini kisu kinalipasua mara moja.

Mvua ni hoja ya mwisho. Mvumi inanyeshewa kuanzia Desemba, pengine Novemba mwishoni, mpaka Aprili. Miezi mingine yote ni mikavu. Turubai zito la mita nne kwa sita, kamba imara na fundo alilolizoea utingo vinakupitisha masika yote kwa sehemu ndogo ya bei ya kava, na mzigo unakuwa na kimo unachotaka.

Namna ya kulikataa

Omba ankara kifani kabla ya kutaja kiasi ulichonacho. Omba iandikwe mistari miwili: gari lilivyotoka kiwandani, na kila kilichoongezwa, kila kitu na bei yake. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1958 inalazimisha kila gari jipya dogo kubandikwa kiwandani karatasi dirishani inayotaja bei iliyopendekezwa na vifaa vya ziada vilivyofungwa, na hata huko wauzaji hubandika karatasi ya pili yenye vitu walivyoongeza wao. Gari la yadini kwetu usitegemee kulikuta na karatasi ya namna hiyo, kwa hiyo ankara yako ndiyo ifanye kazi hiyo.

Mistari miwili ni muhimu kwa sababu bei ya gari unaweza kuilinganisha kwa simu tatu. Bei ya kava si rahisi kuilinganisha, na hapo ndipo muuzaji ana nafasi ya kupanga faida atakavyo. Tena kodi inalifuata. VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18, inatozwa juu ya kava kama inavyotozwa juu ya gari. Kava la shilingi milioni mbili na nusu kabla ya kodi linakuwa milioni mbili, laki tisa na hamsini elfu.

Ukinunua kwa mkopo ndiyo ukae macho zaidi, maana benki inalipa kile kilichoandikwa kwenye ankara. Chukua mfano wa kava la milioni tatu likiwa ndani ya mkopo wa miaka minne kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka inayopungua kadiri unavyolipa. Kila mwezi kava peke yake linakula kama 86,500, na mpaka unamaliza umelitolea zaidi ya milioni nne na laki moja. Bima kubwa nayo hukokotolewa kwa asilimia ya thamani uliyoitaja. Kitu usichokitaka kinakudai kila mwezi na kila mwaka.

Mazungumzo yenyewe hayahitaji ukali. Sema hivi, kwa sauti ya kawaida: "Dada, gari nimelipenda na nipo tayari. Kava silihitaji, kazi yangu ni magunia na mifugo. Nipe bei ya gari bila kava, au nitafutie jingine ambalo halijafungwa." Kisha nyamaza. Atakujibu, "Bosi, hili tayari limefungwa, hatuwezi kulitoa." Jibu lake lina sehemu mbili, zitenganishe. Kutoa linaweza kutolewa. Lilifungwa kwa bolti na litafunguliwa kwa bolti. Anachomaanisha ni kwamba hataki kupunguza bei. Hapo mjadala umerudi kwenye fedha, na fedha ndiyo unayo wewe.

Matokeo mazuri ni matatu, na kwa maoni yangu hayalingani. La kwanza ni kupewa gari lisilowahi kufungwa kava. Hilo ndilo bora, hata kama litakungojesha wiki kadhaa. La pili ni kubadilishana: kava linabaki yadini, nawe unapewa vitu vya thamani ileile vinavyokufaa. Wauzaji wengi hulikubali hili haraka kuliko kupunguza bei, kwa kuwa hawatoi fedha mkononi. Taja unavyotaka moja kwa moja: mfuko mgumu wa plastiki wa kukinga sakafu ya bodi, pete za ziada za kufungia kamba, tairi za njia mbovu badala ya zile za lami, vichungi na oili za sevisi mbili za kwanza, jozi ya springi nzito za nyuma kama mtengenezaji anaziruhusu. La tatu ni kulichukua kava kwa bei ambayo wewe mwenyewe ungeliuzia kesho yake. Hiyo si bei iliyo kwenye karatasi. Pengine ni theluthi yake. Juu ya hapo usikubali kuambiwa ni zawadi.

Mnunuzi wa taasisi, AMCOS au kikundi, hatua yako ni nyepesi zaidi: andika kwenye maelezo ya ununuzi maneno "bodi wazi, lisilotobolewa, bila kava wala kanopi". Sentensi hiyo moja ikiwepo, gari lililoletwa na kava halijatimiza kilichoagizwa.

Hapo sheria iko upande wako. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inafuata kanuni ya zamani ya Kiingereza kwamba muuzaji akileta ulichoagiza kikiwa kimechanganywa na kitu kingine ambacho hakikuwa kwenye makubaliano, unaweza kupokea ulichoagiza na kukikataa kingine, au kuvikataa vyote. Inakupa pia nafasi ya kukagua kabla ya kuhesabiwa kuwa umepokea. Lakini ukitia saini bila neno na kulitumia gari kwa miezi, umelikubali lilivyo. Ndiyo maana hati ya makabidhiano isiwe karatasi ya kusainiwa huku umeshika funguo. Kama mvutano haujaisha, andika juu yake kwa mkono: "Kava halikuagizwa, nalikataa, liondolewe kabla sijachukua gari," tarehe, saini, na piga picha. Ukiwa uliambiwa uongo kuhusu bei au kuhusu kilichomo, Tume ya Ushindani, FCC, inayofanya kazi kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ina mamlaka juu ya wafanyabiashara wanaopotosha wateja. Na risiti ya EFD iwe na maelezo yanayofanana na ankara, si "gari" tu.

Wauzaji wengi wakubwa wa magari mapya wako Dar es Salaam, kilomita 450 hivi kutoka Dodoma. Zamani umbali huo ulimfanya mtu wa huku akubali gari aletewe bila kuliona. Tangu Julai 2024 treni ya SGR inakwenda kati ya Dar na Dodoma, na ukipanda ya alfajiri unaweza kulikagua gari na kurudi siku hiyohiyo. Nauli hiyo ni ndogo ukilinganisha na kugombana juu ya kava likiwa tayari Mvumi.

Cha kukagua chini ya kava

Jambo kubwa kuliko yote ni kama bodi limetobolewa. Makava mengi ya kisasa hushikwa kwa klampu zinazobana ukingo wa bodi kutoka ndani. Ukizilegeza hakuna alama. Mengine, hasa mifuniko mizito na kanopi za kutengenezwa mitaani, hufungwa kwa bolti zilizopita kwenye ukingo wenyewe. Chukua tochi, ingia ndani ya bodi, inama, utazame upande wa chini wa ukingo kuanzia mbele hadi nyuma. Klampu utaiona kama kibano chenye bolti moja. Tundu utaliona nati ikiwa imetokeza, mara nyingi na silikoni pembeni.

Tundu kwenye bati jipya limeondoa rangi na madini ya kuzuia kutu mahali ambapo maji hukaa. Watu husema Dodoma ni kavu, kutu haina haraka. Ni kweli kwa hewa, si kweli kwa maji ya kuoshea: visima vingi vya ukanda huu vina maji ya chumvi, na gari linalooshwa kwa maji hayo kila wiki linaanza kutu palepale penye jeraha. Ukikuta matundu kwenye gari linaloitwa jipya, mimi ningesema liache na udai jingine. Kama hakuna jingine, bei ishuke, na muuzaji aandike kwamba waranti ya rangi na kutu inabaki kamili pamoja na matundu hayo. Watengenezaji kwa kawaida hawabebi uharibifu uliotokana na kifaa kilichofungwa na mtu mwingine, na usipoandikiwa sasa utaambiwa hivyo baadaye.

Fuata nyaya. Kanopi yenye taa ya ndani au kitasa cha umeme imechukua umeme mahali fulani, mara nyingi kwenye nyaya za taa za nyuma. Tafuta maungio ya kusokota na utepe. Unachotaka kuona ni soketi inayochomoka. Tazama kama kanopi imeziba taa ya breki ya juu nyuma ya kabini na kama ilipewa nyingine. Tazama mfuko wa plastiki wa bodi: wakati mwingine umekatwa ili klampu zipite, na ukivua kava unabaki na mfuko wenye meno. Tazama pete za kufungia kamba kama reli za kava zimezifunika. Mwagia maji ndoo mbili juu, uone yanatokea wapi. Makava mengi ya kuviringisha yana mifereji na mipira ya kutolea maji, na fundi asiyejali huiacha inamwaga ndani ya ukuta wa bodi.

Mwisho soma kadi ya gari. Umbo na uzito wa gari vilivyoandikwa vifanane na gari unaloondoka nalo.

Kulivua mwenyewe

Imetokea umelichukua, kwa bei nzuri au kwa kukosa njia. Kulivua kava la klampu ni kazi ya asubuhi moja kwa watu wawili. Piga picha kila kona kwanza, ndani na nje. Osha kingo zote na uzikaushe kabla hujagusa nati hata moja, maana mchanga wa huku ni msasa: reli ikiburuzwa juu yake inachora rangi mpaka kwenye bati. Legeza klampu za pande zote mbili kidogo kidogo, usimalize upande mmoja wakati mwingine umekaza. Inua moja kwa moja juu, usivute kuelekea nyuma. Nati, bolti na mipira yote itie kwenye mfuko mmoja, uufunge kwenye reli yenyewe, kwa kuwa kava lililopoteza klampu zake halina mnunuzi.

Kanopi ya faibaglasi inataka watu wanne na mahali pa kuiweka palipoandaliwa kabla. Chomoa nyaya kwanza, na kila ncha iliyobaki wazi izibwe. Mara nyingi chini yake kuna utepe wa gundi; usiung'oe kwa bisibisi. Ukate polepole kwa uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, ukiupitisha huku na huku, kisha mabaki yatoe kwa mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, ukianza kwa kujaribu sehemu isiyoonekana.

Matundu, kama yapo, yasikae wazi hata wiki. Piga msasa mwepesi ukingoni mwa tundu, paka rangi ya zinki, ikikauka paka rangi ya gari, halafu ziba kwa kizibo cha mpira. Mengine unaweza kuyatumia tena kufungia fremu ya vyuma. Fremu hiyo ndiyo kifaa ninachokipenda kwa Mvumi: inashikilia majani, inasimamisha mbuzi, inabeba turubai wakati wa mvua, na fundi wa kuchomelea wa hapohapo anaitengeneza. Mwambie aichomelee pembeni, mbali na gari, kisha aifunge kwa bolti. Akitaka kuchomelea juu ya bodi mkatalie. Moto unaunguza rangi pande zote mbili za bati, na umeme wa kuchomelea unaweza kuharibu kompyuta ya gari kama betri haijatenganishwa.

Kava likishatoka, usiliegemeze ukutani juani. Turubai la plastiki linakakamaa na kupasuka kwenye mikunjo, kwa hiyo livingirishe, usilikunje. Liweke ndani, juu ya matofali badala ya mbao, kwa sababu ya mchwa, na lifunike panya wasitafune mipira.

Ukitaka kuliuza, usichelewe. Linauzika likiwa bado jipya na gari la toleo hilo likiwa bado linauzwa. Tangaza kwa ukamilifu: aina ya gari, mwaka, milango miwili au minne, urefu wa bodi kwa sentimita uliopimwa ndani kwa futikamba, na kama lilifungwa kwa klampu au bolti. Kava la milango minne halikai kwenye pikapu ya milango miwili, na la kizazi kilichopita mara nyingi halikai kwenye kipya hata jina la gari likiwa lilelile. Wanunuzi watafute Dodoma mjini, kwa wafanyakazi wa ofisi wanaosafiri wikendi na taasisi zinazobeba vifaa, kuliko Mvumi ambako wengi watakuwa na mzigo kama wako. Mnunuzi aje na gari lake, mlijaribishe juu ya bodi kabla hajatoa fedha, na mfuko wa klampu umkabidhi akiwa anahesabu mwenyewe. Kisha mpigie wakala wako wa bima. Kama kava lilihesabiwa kwenye thamani ya gari, liondolewe kabla ya kukata bima ya mwaka unaofuata.